Maumivu Sugu ya Kiungo cha Taya na Mazoea ya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye taya limemuuma kwa miezi mitatu au zaidi, likipoa na kurudi, akiamka nalo au akilala nalo. Maswali ni yale watu wa hapa Mombasa wanayouliza kila siku. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Kiungo cha taya kiko wapi hasa?

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, pande zote mbili, kisha fungua na ufunge kinywa polepole. Kile unachokihisi kikitembea chini ya vidole ndicho kiungo chenyewe. Kati ya kichwa cha mfupa wa taya na fuvu pana kisahani cha gegedu kinachokwenda mbele na kurudi kila unapofungua kinywa, maana taya halizunguki tu, huteleza pia. Misuli inayolivuta iko shavuni, kwenye panja, na mingine imefichika ndani. Wengi wanaosema "kiungo kinaniuma" maumivu yao hasa yako kwenye misuli hiyo. Hiyo ni habari njema, kwa sababu msuli uliochoka hupata nafuu ukipumzishwa.

Nitajuaje kama si jino wala sikio?

Hapa ndipo watu hupoteza pesa na meno. Mtu aumwa upande mmoja wa uso, atiwa matone sikioni, haponi. Ang'olewa gego, haponi. Ang'olewa la pili, na maumivu yako pale pale.

Jino bovu kwa kawaida huuma mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Hushtuka kwa maji baridi au chai ya moto, na huweza kukuamsha usiku likipwita. Sikio lenye maradhi mara nyingi hutoa usaha, huleta homa au hupunguza kusikia. Maumivu ya taya yenyewe huenea: panja, shavu, chini ya sikio, hata shingoni. Huzidi unapotafuna, unapopiga miayo au baada ya kuzungumza sana. Ukibonyeza msuli wa shavu ukasema "hapo hapo!", dalili zinaelekea kwenye taya. Hata hivyo mwache daktari wa meno akague kwanza na akupige picha ikihitajika, kwani mtu anaweza kuwa na jino bovu na taya linalouma kwa wakati mmoja. Usikubali tu jino zima ling'olewe kwa kubahatisha.

Mbona taya linaniuma na mimi sili vitu vigumu?

Kwa sababu kula huchukua sehemu ndogo tu ya siku yako. Chakula cha mchana huisha kwa nusu saa. Saa zinazobaki ndizo za kuchunguzwa. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu, na ukijumlisha siku nzima ni muda mfupi mno. Lakini anayeendesha tuktuk kwenye msongamano wa Makupa, anayehesabu mauzo jioni Marikiti, anayesubiri feri Likoni huku saa ya kuingia kazini inampita, mara nyingi ameyakutanisha meno bila kujua. Si lazima awe ameyauma kwa nguvu. Yamegusana tu, na hilo linatosha kuuweka msuli wa shavu katika hali ya kujikaza saa baada ya saa. Kunja ngumi, hata bila kuibana sana, ikae hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mkono utauma, na hakuna atakayeshangaa.

Jichunguze sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Meno yako yamegusana? Ulimi uko wapi, umesukumwa kwenye meno ya mbele au umebanwa katikati? Wengi wakiulizwa hujibu, "La, mimi sikazi meno," nao wasema kweli kwa kadiri wajuavyo. Mwili ndio unaowafichua: kingo za ulimi zina alama za meno, ndani ya shavu pana mstari mweupe, na ikifika alasiri mapanja yamechoka.

Mkao wa kulipumzisha taya ni huu. Midomo ifungike bila kubanwa. Meno yaachane kidogo. Ncha ya ulimi ilale juu kwenye kaakaa, nyuma tu ya meno ya mbele, pale inapogusa unapotamka "n". Mabega yashuke. Ulimi ukiwa umetulia pale, ni rahisi zaidi kuyaacha meno yakiwa yameachana. Ikiwa utachukua jambo moja tu katika ukurasa huu, chukua hili. Ni bure, halina madhara, na kwangu mimi ndilo linalotangulia dawa yoyote.

Nitakumbukaje? Nikishika kazi nasahau kabisa.

Utasahau, na kila mtu husahau, kwa sababu zoea hili hufanyika akili ikiwa kwingine. Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu. Fungamanisha na kitu kinachotokea chenyewe. Mombasa tuna bahati ya adhana. Mwislamu au Mkristo, kila aishiye mjini huisikia mara tano kwa siku, na ukiizoea iwe ishara ya kulikagua taya, umeshapata vikao vitano bila kununua chochote. Ongeza vingine: kila simu inapolia, kila gari linaposimama, kila unapoosha mikono. Wengine hubandika kipande cha karatasi nyekundu kwenye kioo cha gari au pembeni mwa kompyuta. Baada ya siku chache jicho huizoea karatasi na huacha kuiona, basi ihamishe.

Ukijikuta umekaza, usijilaumu. Achanisha meno, vuta pumzi puani, itoe polepole, endelea na kazi.

Mimi ni fundi wa nguo. Je, kazi yangu inahusika?

Inahusika sana, dada. Mtazame fundi wiki ya arusi anapopinda gauni: pini nne tano zimebanwa kati ya meno, kichwa kimeinama juu ya cherehani, mteja akimuuliza kitu anajibu kwa pembe ya mdomo ili pini zisianguke. Uzi ukiisha anaukata kwa meno ya mbele. Kila akikata, taya la chini husukumwa mbele na pembeni, upande ule ule, mara nyingi kwa siku. Anayetia nakshi kofia za mkono huinama zaidi, kwa saa nyingi zaidi, na kichwa kinapotokeza mbele misuli ya shingo na ya taya hukazana pamoja.

Tiba yake ni vifaa vidogo. Kimto cha pini kifungwe kwenye kifundo cha mkono. Mkasi mdogo uning'inizwe shingoni kwa utepe, uwe karibu kuliko meno. Kiti kiinuliwe au kitambaa kiletwe juu, ili macho yakifuate bila shingo kuvunjika. Na kila mshono unapokwisha, inua kichwa uangalie mbali kidogo.

Hayo si ya mafundi peke yao. Pini za mtandio zinazoshikwa kwa meno mbele ya kioo kila asubuhi ni zoea lile lile. Kufungua soda kwa meno, kupasua pakiti ya maziwa kwa meno, kuuma kucha, kuuma kalamu, kuuma midomo, kubana simu kati ya sikio na bega huku unapima mchele: yote huliongezea taya kazi isiyo yake. Hata kuegemeza kidevu mkononi ukitazama simu barazani husukuma kiungo cha upande mmoja kwa muda mrefu. Mwalimu wa madrasa au mhubiri anayepaza sauti saa nyingi hawezi kuacha kazi, lakini anaweza kugawa vipindi na kutumia kipaza sauti.

Je, miraa na muguka vinaharibu taya?

Nitajibu bila kuzunguka: kwa mtu ambaye taya linamuuma tayari, haya ni katika mazoea mabaya zaidi, na Mombasa hatuwezi kuyanyamazia. Mei 2024, gavana alipopiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa katika kaunti na mahakama ikaisimamisha amri hiyo, mjini kulizungumzwa biashara, vijana na akili zao. Taya halikutajwa sana. Linastahili kutajwa.

Kwanza ni urefu wa kazi. Mtafunaji hukaa saa tatu, nne, sita, bonge limejazwa shavu moja, na msuli wa upande huo hautui. Muguka, kwa kuwa majani yake ni laini, huchanganywa na chingamu na njugu, na chingamu ndiyo inayorefusha kutafuna hata baada ya majani kuisha. Pili ni kemikali yenyewe. Miraa na muguka vina katinoni, kichangamshi kinachoufanya mwili uwe macho na misuli ijikaze, kwa hiyo mtu hukaza meno hata akiwa hatafuni. Tatu ni usingizi. Anayelala alfajiri akaamka saa moja hajapumzisha msuli wowote, na maumivu ya mtu asiyelala vizuri huwa makali kuliko ya aliyelala.

Ushauri wangu ni kuacha. Ikiwa bado hujaweza, basi punguza kwa vitendo: futa chingamu kabisa, weka saa ya kumaliza na uishike, badilisha shavu, kunywa maji, na usitafune siku mbili mfululizo. Kisha linganisha maumivu ya siku ulizotafuna na zile ambazo hukutafuna. Wengi hawaamini wanachoambiwa, lakini huamini taya lao wenyewe.

Na tambuu?

Tambuu ina jambo la ziada lililo zito kuliko maumivu. Popoo, ile kokwa ngumu inayotafunwa, iwe ndani ya tambuu au imechanganywa na tumbaku kwenye vipakiti, huweza kusababisha makovu chini ya ngozi laini ya mashavu. Kinywa huanza kuwaka ukila pilipili, ndani ya mashavu panakuwa peupe na pagumu, na mwaka baada ya mwaka kinywa hufunguka kidogo zaidi. Watu husema ni taya limekaza, kumbe ni ngozi iliyojaa kovu, na hali hiyo inaweza kugeuka saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2004. Unayeila na kinywa chako kinapungua, acha leo na uende ukaguliwe. Kukanda na mazoezi ya taya havitoshi hapo.

Nile nini taya linapochachamaa?

Chakula cha pwani kinakupendelea. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki, mbaazi za nazi, ndizi mbivu za nazi, mchicha, viazi vilivyopondwa, uji, vitumbua, mkate wa sinia, mkate wa kumimina: vyote huliwa bila kupigana navyo. Mahamri ya moto ni laini, ya jana si laini. Yachovye kwenye chai.

Viweke kando kwa wiki mbili tatu mahindi ya kuchoma, miwa ya kung'wafua kwa meno, kashata, gubiti, kachiri za mihogo, mkate wa mofa, na mishkaki ya nyama isiyolainika. Pweza ni mtamu, lakini pweza wa kuchomwa hutafunwa mpaka msuli unalia. Kunywa supu yake. Mabuyu yana udanganyifu wake: mtu hunyonya moja baada ya jingine kwa saa nzima, ulimi na taya vikifyonza, kisha akavunja mbegu kwa magego. Barafu za ukwaju zinyonywe au ziachwe ziyeyuke, zisitafunwe. Embe bichi kata vipande vyembamba badala ya kulitafuna kutoka kokwani.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nimeliona mara nyingi. Mtu akishaonja nafuu ya uji, hubaki kwenye uji miezi. Misuli isiyotumika hudhoofu na taya huwa goigoi na gumu kufunguka. Maumivu yakishapungua, rudi kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua, ukikata vipande vidogo na kutafuna pande zote mbili. Ikiwa watafuna upande mmoja kwa sababu upande wa pili una jino bovu au pengo, basi kutibu upande huo ni sehemu ya kulitibu taya.

Nitumie mswaki wa mti?

Tumia. Tatizo si kusugua, ni kutafuna kile kijiti kwa muda mrefu ili kilainike, au kukiacha kimening'inia kati ya meno ukitembea. Kiloweke ncha yake kwenye maji, uichambue kwa kisu, usugue, ukitoe.

Taya langu hualika kila nikifungua kinywa. Linavunjika?

Hapana. Mara nyingi mlio huo ni kile kisahani kinachoruka mahali pake na kurudi, na watu wengi sana wanao bila maumivu yoyote. Mlio usio na maumivu wala kukwama hauhitaji matibabu. Unachotakiwa ni kuacha kulialisha makusudi. Wapo wanaosukuma taya pembeni kila mara ili lialike, vile vile wanavyoalisha vidole, nao hukiudhi kiungo bila sababu.

Kinachohitaji daktari ni pale mlio unapokoma ghafla na kinywa kikawa hakifunguki tena vizuri. Kipimo cha nyumbani ni vidole: watu wazima wengi huweza kuingiza vidole vyao vitatu, vikiwa wima, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, yaani karibu milimita 40 au zaidi. Vikiingia viwili kwa shida, nenda.

Mume wangu asema nasaga meno usiku. Nifanyeje?

Kusaga meno usingizini si tabia unayoichagua, kwa hiyo asikulaumu nawe usijilaumu. Kunahusishwa na pombe, sigara, kahawa nyingi na msongo. Kahawa chungu ya Mji wa Kale tunaipenda sote, lakini ile ya baada ya Isha ihamishe iwe ya asubuhi au alasiri. Dawa nazo huchangia: baadhi ya dawa za mfadhaiko huleta kukaza meno. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari aliyekuandikia. Na ikiwa mbali na kusaga meno unakoroma kwa nguvu, unakatika pumzi, na mchana unasinzia kazini, mweleze daktari hayo pia, maana huenda tatizo liko kwenye kupumua usingizini.

Kilinda meno cha plastiki cha kuvaa usiku huyakinga meno yasilike. Kwa maumivu yenyewe, ushahidi wake ni dhaifu kuliko bei yake inavyodokeza. Ukikitaka, kitengenezwe na daktari wa meno kwa vipimo vya kinywa chako, kiwe cha kuvuliwa, na kisibadilishe namna meno yanavyokutana. Vile laini vya kununua bila vipimo huweza kumfanya mtu akatafuna usiku kucha.

Nilale vipi?

Chali au ubavu, mto ukijaza pengo kati ya shingo na godoro. Usilale kifudifudi na usiweke ngumi chini ya shavu. Usiku wa joto la Februari mtu hujigeuzageuza, najua; anza tu vizuri, na ukishtuka umelala kifudifudi, geuka.

Nikande kwa moto au kwa barafu?

Kwa maumivu ya muda mrefu, yale mazito ya kuchosha, moto ndio unaofaa wengi. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto kikakamuliwa, au chumvi iliyopashwa ikafungwa kwenye kitambaa kama wafanyavyo bibi zetu, kiwekwe shavuni dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono usije ukajiunguza. Barafu iliyofungwa kwenye taulo inafaa maumivu makali ya ghafla, kwa mfano baada ya kupigwa au kufungua kinywa kupita kiasi, dakika 10 tu.

Baada ya kukanda, msuli ukiwa umelegea, sugua shavu na panja kwa vidole viwili, miduara midogo, polepole. Kisha weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa na ufungue kinywa kadiri ulimi unavyoruhusu bila kubanduka, mara sita, kwa utulivu, asubuhi, mchana na jioni. Mazoezi yasiumize. Miayo ikija, shika kidevu kwa ngumi kwa chini ili kinywa kisifunguke mpaka mwisho. Kwa daktari wa meno, omba mapumziko katikati ya kazi ndefu. Una haki hiyo.

Vidonge nimeze hadi lini?

Parasitamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu apewe kipimo chake na daktari. Aibuprofeni na diklofenaki husaidia kwa siku chache, baada ya kula. Si za kumezwa ovyo na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au moyo, wala mjamzito aliyepita wiki 20. Ukijikuta unameza dawa ya maumivu nusu ya siku za mwezi au zaidi, dawa zenyewe huweza kuanza kukuletea maumivu ya kichwa. Hapo usiongeze kidonge, nenda ukazungumze na daktari.

Nimeambiwa meno yangu hayakutani vizuri, yasagwe au yote yavishwe vifuniko vipya. Nikubali?

Usikubali haraka. Desemba 2023 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya taya. Waandishi wake waliweka mbele mazoezi ya taya na ya mkao wa mwili, kazi ya mikono ya mtaalamu wa viungo, mafunzo ya kujitunza, na tiba ya kubadilisha fikra na mazoea. Walipinga vikali vifaa vya kinywani vinavyobadilisha meno yasiweze kurudi yalivyokuwa. Jino likishasagwa halirudi. Daktari anayekutakia heri hatakasirika ukimwambia, "Daktari, naomba tuanze na yale yanayoweza kurudishwa nyuma." Yapo meno yanayohitaji kuvishwa kwa sababu zake yenyewe, ila maumivu ya taya peke yake si sababu ya kutosha.

Kwa hiyo mwaniambia ni mawazo tu?

Hapana, mama. Maumivu yako ni ya kweli, na msuli uliokaza unahisika hata kwa kidole cha mtu mwingine. Tunachosema ni kwamba kodi ya nyumba, ada ya shule, mgonjwa ndani ya nyumba, vyote huingia mwilini, na wengine huvipokea tumboni, wengine mgongoni, wengine tayani. Maumivu haya huwapata zaidi wanawake, na hasa walio kati ya miaka 20 na 40, umri ule ule ambao mzigo wa nyumba na kazi huwa mkubwa. Kutafuta mtu wa kuzungumza naye, kutembea jioni Mama Ngina upepo wa bahari ukikupiga, kulala mapema: hayo ni matibabu, wala si kukupuuza.

Wazee wasema ni upepo umenipiga.

Feni ya usiku kucha usoni huweza kukuamsha umekakamaa shingo, na kuihamisha hakuna hasara. Lakini ikiwa upande mmoja wa uso umelegea, jicho halifungi, mdomo umekwenda kombo, hilo si suala la taya wala la upepo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda ni kiharusi au mshipa wa fahamu wa uso.

Ramadhani huwa naumwa zaidi. Kwa nini?

Siku za mwanzo mwili umekosa kahawa na maji, usingizi umekatwa na daku, na kichwa kikiuma taya nalo hukaza. Punguza kahawa kidogo kidogo tangu Shaabani. Kunywa maji kwa mafungu kati ya futari na daku. Futari zetu nyingi ni laini, tambi, viazi vya nazi, kaimati, kwa hiyo mlo si tatizo. Kukesha ndiko kunakoumiza. Dawa za aibuprofeni zisubiri mpaka umeshakula.

Ni wakati gani nisisubiri?

Taya likiuma pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba, pumzi kukata au mkono kuwa mzito, ni dharura ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Taya likikaza siku kadhaa baada ya kuchomwa msumari, mwiba au kipande cha bati, na shingo nayo ikaanza kukakamaa, fikiria pepopunda na uende mara moja. Dalili huweza kuja hadi wiki tatu baada ya jeraha. Uvimbe wa shavu au chini ya taya wenye homa na ugumu wa kumeza ni maambukizi, mara nyingi ya gego la mwisho, nayo huenea haraka. Kinywa kikikwama wazi baada ya miayo, usikipige wala kukisukuma. Kirudishwe hospitali, na mapema ndivyo inavyokuwa rahisi. Aliyepita miaka 50 ambaye taya humchoka akitafuna, ngozi ya kichwa inauma akichana nywele na macho yanafifia, asingoje kesho. Ganzi ya uso, uvimbe usioondoka na kukonda bila sababu navyo vinahitaji uchunguzi.

Nianzie wapi hapa Mombasa, na nimwambie nini daktari?

Anza na daktari wa meno, katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ile wenyeji waiitayo Makadara. Kabla ya kwenda, andika wiki moja kwenye daftari au simu: maumivu yalianza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, ulilala saa ngapi, ulitafuna nini, vidole vingapi viliingia kinywani asubuhi na jioni. Sema ukweli kuhusu miraa, tambuu na sigara, maana daktari asiyejua atakutibia ugonjwa mwingine. Taja dawa zote unazomeza, pamoja na za miti shamba. Uliza kama yupo mtaalamu wa viungo anayeshughulikia taya na shingo.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache ya kujitunza. Huenda maumivu yakarudi wakati wa mtihani, msiba au kazi nyingi. Yakirudi, rudia chakula laini siku chache, kitambaa cha moto, na kuyakagua meno kila adhana. Yakipita wiki sita bila kupungua hata kidogo, rudi kwa daktari na daftari lako.